Sidi Mubarak Bombay, Mtu Aliyeivuka Milima Yetu Mara Sita



Katika mkutano wetu uliopita pale Magomeni, baada ya chakula na kabla ya hesabu za mweka hazina, ndugu yetu mmoja aliyebahatika kufika Nepal alitusimulia safari yake ya kutembea kwa miguu hadi chini ya Mlima Everest. Wengi mtakumbuka. Alituambia habari za baridi, za pumzi kukata, na za chai ya siagi ambayo hakuipenda hata kidogo. Lakini lililonigusa mimi ni habari za Masherpa. Hao ndio wenyeji wa milima ile ya Himalaya wanaowaongoza wageni. Wao hutangulia kufunga kamba na kulaza ngazi juu ya nyufa za barafu, hubeba mahema na vyakula, kisha mgeni hufuata nyuma, apige picha, arudi kwao akaandike kitabu. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka pale Khumbu ikaua watu 16, na wote walikuwa Wanepali waliokuwa kazini.

Baada ya simulizi ile mwenzetu mwingine, kijana kidogo kuliko mimi, aliuliza kama sisi huku Kilosa tumepata kuwa na watu wa namna hiyo. Watu walicheka. Wakasema sisi hatuna barafu, tuna mbu na mkonge. Nami nilinyamaza kwa kuwa jibu sikuwa nalo kamili. Mhariri ameniomba ukurasa katika toleo hili, basi nalileta sasa.

Tokeni hapo Magomeni asubuhi mapema mtazame upande wa magharibi. Ile milima mnayoiona ndiyo milima ya Usagara, ambayo wakubwa wa ramani huigawa wakaiita Rubeho upande huu na Ukaguru upande ule. Kabla ya reli na kabla ya barabara, mtu aliyetoka pwani kwenda Ugogo, Tabora na Ujiji ilimlazimu aivuke. Njia moja kubwa ilifuata bonde la Mto Mkondoa, mto huu huu unaopita mjini kwetu na kututia hasara. Wazungu waliotangulia waliuandika Mukondokwa. Na katika misafara mikubwa minne iliyopita katika milima hiyo kati ya mwaka 1857 na 1875, wakubwa walikuwa wakibadilika, lakini mtu mmoja alikuwamo katika yote. Huyo ndiye Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alizaliwa katika nchi ya Wayao, kusini, yapata mwaka 1820. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga. Alipokuwa na umri wa kama miaka 12, wafanyabiashara wenye bunduki waliingia kijijini kwao wakidai madeni. Wenye nguvu walikimbia, wengine wakakamatwa, naye mtoto akawa miongoni mwa waliokamatwa. Akapelekwa Kilwa akabadilishwa kwa nguo. Kilwa akavushwa Unguja, na Unguja akavushwa bahari hadi Gujarati katika Bara Hindi, akawa mtumwa wa mfanyabiashara mmoja wa huko kwa miaka mingi. Bwana wake alipokufa, akapata uhuru wake. Akarudi Afrika ya Mashariki akiwa mtu mzima, akizungumza Kihindi, na akiwa na jina la mji wa Bombay. Hilo Sidi ni jina waliloitwa Waafrika kule India, na Mubarak maana yake ni mwenye baraka. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa popote.

Aliporudi aliajiriwa kuwa askari wa Sultani wa Unguja, akawekwa katika kituo kidogo cha Chogwe, bara kidogo kutoka Pangani. Hapo ndipo Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipomkuta mapema mwaka 1857 walipokuwa wakifanya majaribio ya safari upande wa Usambara. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu, lakini alikuwa afisa wa jeshi la India na Kihindi alikijua. Bombay naye alikijua. Hivyo mtu aliyefanywa mtumwa ugenini akaja kuwa ulimi na sikio la mgeni, kwa lugha aliyojifunza utumwani. Wakamwombea ruhusa kwa mkubwa wake, wakaondoka naye.

Msafara wao uliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857. Mjue ndugu zangu kwamba msafara wa siku zile ulikuwa kama kijiji kinachotembea. Mbele kabisa alikwenda kirangozi na bendera, nyuma yake wapagazi kwa mstari mmoja, kila mmoja na mzigo wake wa nguo, shanga au waya wa shaba, uzito wa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na zaidi. Mali hiyo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani, kwa chakula na kwa hongo ya watemi. Kisha walikuwapo askari, wapishi, wanawake, watoto na punda. Bombay alianza akiwa mbeba bunduki wa Speke, lakini haikuchukua muda akawa mkalimani, msuluhishi wa ugomvi, na mtu wa kutumwa mahali ambapo wengine waliogopa kutumwa.

Walipita Zungomero, wakavuka Mkata, wakaanza kupanda. Njiani kuingia Usagara walikuta kijiji kilichochomwa moto na watekaji wa watumwa. Nyumba zilikuwa majivu, vyombo vimetupwa huku na huko, watu hawapo. Burton aliandika habari hizo kama mtu anayetazama jambo la kusikitisha la nchi ya wenyewe. Lakini katika msafara ule alikuwamo mtu ambaye mambo hayo yalimpata mwenyewe akiwa na miaka 12, na mizigo ilipofungwa asubuhi aliendelea na kazi yake.

Walipita Mkondoa, wakapita Rumuma, ambayo bila shaka ndiyo hii tunayoiita Lumuma. Wenzetu waliotoka huko wasicheke wanaposoma kwamba watalii wa kwanza walikuja kwao zaidi ya miaka 160 iliyopita wakilalamikia baridi ya usiku. Katikati ya Septemba wakafika chini ya kipito cha Rubeho, jina ambalo Burton alilifasiri kuwa njia ya upepo. Kwa kipimo chake kipito kile kilikuwa futi 5,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Si Everest, wala si Kibo. Lakini mwenye homa hapimi mlima kwa futi.

Na homa walikuwa nayo wote wawili. Katika milima hiyo Speke alipandwa na homa kichwani hata ikalazimu aondolewe silaha. Siku ya kupanda, Burton alikwenda akitetemeka, akishikwa na mtu mmoja, na Speke alishikiliwa na watu wawili watatu, huku punda wakiteleza juu ya mawe na kuanguka na mizigo. Katikati ya mlima wakasikia yowe la vita likitoka kilima hadi kilima. Wenyeji walikuwa wakipeana habari kwamba wavamizi wa ng'ombe wamekuja. Hapakuwa na pa kukimbilia. Waliendelea kupanda, na kwa muda wa kama saa sita wakafika juu. Katika vitabu imeandikwa kwamba Burton na Speke waliuvuka Rubeho. Mimi nasema walivushwa. Mtu ambaye hawezi kusimama hawezi kudai kwamba amepanda mlima kwa miguu yake, na jambo hilo Masherpa wanalifahamu vizuri sana.

Katika safari hiyo walifika Ujiji mwezi Februari 1858 wakaliona Ziwa Tanganyika. Bombay akavuka ziwa hilo na Speke kwa mtumbwi kutafuta jahazi la kukodi. Baadaye, Burton alipobaki Tabora, ambayo wakati ule waliiita Kazeh, Speke akaenda kaskazini na kikosi kidogo, Bombay akiwa mkalimani wake. Tarehe 3 Agosti 1858 wakaliona ziwa kubwa pale Mwanza, nalo likapewa jina la Malkia wa Uingereza. Wenyeji waliokuwa wakivua samaki humo tangu enzi za mababu hawakuulizwa maoni. Mwanzo wa mwaka 1859 msafara ulirudi pwani, ukaivuka tena milima yetu kwa njia ya kusini zaidi. Hiyo ikawa mara ya pili.

Burton hapo mwanzo hakumsifu sana Bombay. Mwishowe alikiri kwamba ndiye aliyekuwa lulu ya msafara wote. Speke alimpenda tangu mapema. Kwa hiyo aliporudi mwaka 1860 pamoja na James Augustus Grant ili kuhakikisha kwamba Mto Nile unatoka katika ziwa lile, mtu wa kwanza kumtafuta Unguja alikuwa Bombay. Wakaivuka Usagara kwa mara ya tatu.

Safari ile ilikuwa ndefu na ya matatizo. Wapagazi wengi walitoroka. Bombay aligombana na mwenzake Baraka, aliyetaka ukubwa ule ule. Nisiifiche aibu, ndugu zangu. Bombay alikuwa mtu wa kweli mwenye nyama na damu: pombe aliipenda, na hasira alikuwa nayo. Siku moja walipokosana, Speke alimpiga ngumi usoni, na Bombay akapoteza meno ya mbele kwa ngumi hiyo. Stanley aliyemkuta miaka kadhaa baadaye alilitaja pengo hilo. Speke mwenyewe aliliandika tukio hilo. Bombay hakuacha kazi. Tukisema hakuacha kwa sababu ya uaminifu tutakuwa tunarudia maneno ya waajiri wake, waliopenda sana kuwaita watu hawa waaminifu. Nadhani aliijua njia kuliko wao, na alijua kwamba akiondoka yeye katikati ya nchi, wapo watu kadhaa wasio na kosa watakaopotea pamoja na mzungu yule.

Mwaka 1862 walikaa katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Buganda. Tarehe 28 Julai mwaka huo Speke akafika pale Jinja ambapo Nile huanzia safari yake, Bombay akiwa katika kikosi. Kutoka hapo wakaufuata mto huo kuelekea kaskazini hadi Gondokoro katika Sudani, Februari 1863, na hatimaye Misri. Kati ya watu wote walioondoka pwani yetu, waliofika Cairo walikuwa kumi na wanane tu, Bombay akiwa kapteni wao. Wakapigwa picha, wakalipwa mishahara yao, wakarudishwa Unguja kwa njia ya bahari. Speke alifariki mwaka uliofuata, Septemba 1864, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe kule Uingereza. Shirika la Kijiografia la Kifalme la London likampelekea Bombay nishani ya fedha, na wenzake wakapata za shaba.

Hapa nataka nikae kidogo juu ya hizo nishani, maana ndizo zilizonifanya nikubali kuandika. Shirika hilo lilikuwa na nishani zake kubwa za dhahabu. Burton alipata ya dhahabu mwaka 1859. Speke akapata mwaka 1861. Grant mwaka 1864, Stanley mwaka 1873, Cameron mwaka 1876. Hao watano ni miongoni mwa wazungu walioongozana na Bombay katika misafara ile minne, na kila mmoja wao alipata dhahabu. Mtu aliyekuwamo katika safari zote nne alipata fedha. Na karibu miaka tisini baadaye, tarehe 29 Mei 1953, Tenzing Norgay na Edmund Hillary waliposimama pamoja juu ya Everest, Hillary na mkuu wa msafara John Hunt walipewa cheo cha Sir, na Tenzing akapewa nishani ya George. Mniwie radhi nikiona mambo haya ni ya familia moja.

Turudi kwetu Kilosa, maana safari ya nne ya kuivuka milima hii ndiyo iliyoacha habari nyingi za nchi yetu. Mwaka 1871 mwandishi wa gazeti la New York, Henry Morton Stanley, alifika Unguja akimtafuta Dokta Livingstone. Hakuwa amewahi kutembea Afrika ya kati. Akawakusanya watu wa zamani wa Speke, akamfanya Bombay kapteni wa askari. Wakaondoka Bagamoyo wakati masika yanakaribia. Mtu wa Kilosa hahitaji kuambiwa Mkata inakuwaje wakati wa masika. Walipita maji ya kiunoni, punda wakizama, wapagazi wakiugua, Stanley mwenyewe akiharisha damu. Walipofika kwenye kilima cha Rehenneko, mwanzo wa milima, msafara ulikuwa umechoka kabisa. Bombay alilaumiwa kwa kupoteza mali njiani, akavuliwa ukapteni kwa muda akapewa Mabruki. Baadaye alirudishiwa, kwa sababu kazi ile haikuwa na mtu mwingine wa kuiweza.

Stanley alikuwa na fimbo, na aliitumia. Wapo waliomsifu kwa kufika haraka, na kweli alifika: akapanda bonde la Mkondoa, akapita Ziwa Ugombo, akapita Mpwapwa, ambako alimwacha mwenzake mzungu Farquhar aliyekuwa mgonjwa wa miguu na ambaye hakupona, akanaswa na vita vya Mirambo huko Tabora, na tarehe 10 Novemba 1871 akamkuta Livingstone Ujiji. Salamu walizopeana hapo dunia nzima inazijua, nami sina haja ya kuzirudia. Lakini fikirini kidogo juu ya kupata chakula cha watu wengi kila siku kwa miezi minane. Nani aliingia kijijini kuzungumza na mzee wa mji? Nani alijua hongo ya pale ni doti ngapi, na ya kule ni ngapi, na ni lini useme basi bila kuanzisha vita? Stanley alikuwa na bunduki na haraka. Ulimi ulikuwa wa Bombay na wenzake.

Waliporudi mwaka 1872 wakakuta jambo ambalo wazee wa hapa wangelielewa. Mwezi Aprili mwaka huo kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, tarehe 15, kikaangusha minazi na mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Bara nako kulinyesha mno. Msafara uliposhuka bonde la Mkondoa, ulikuta mto umefagia vijiji vilivyokuwapo mwaka uliotangulia, mashamba yamegeuka mchanga, na watu wengi wamekufa maji. Nakumbuka nilipoyasoma haya mara ya kwanza. Ilikuwa baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010, wakati Mkondoa ulipovunja kingo, reli ikaning'inia hewani kati ya Kilosa na Gulwe, na jamaa zetu wakaishi kwenye mahema. Nilidhani balaa lile lilikuwa jipya. Bombay alilipita kwa miguu miaka karibu 140 kabla yetu, maji yakiwa kifuani na mizigo ikiwa kichwani.

Mwaka 1873 akaajiriwa tena, safari hii na Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumpelekea Livingstone msaada. Mwezi Mei walikaa siku nyingi Rehenneko wakimsubiri kijana Robert Moffat, jamaa ya Livingstone, aliyekuwa akiwafuata nyuma. Moffat hakufika. Alikufa kwa homa kabla hajaigusa milima. Wakapanda Mkondoa bila yeye, na kwa Bombay hiyo ikawa mara ya sita na ya mwisho kuivuka Usagara: mara nne akienda bara, mara mbili akirudi pwani. Sijapata kusoma mtu mwingine wa zama zile ambaye kuvuka kwake milima hii kumehesabika hivyo.

Walipokuwa Tabora, mwezi Oktoba, wakapata habari kwamba Livingstone amekwisha kufa, na mwili wake umo njiani ukichukuliwa na watumishi wake, Chuma na Susi, kutoka kwa Chitambo katika Zambia ya leo. Wazungu wenzake Cameron wakarudi pwani, na mmoja wao, Dillon, akajiua njiani kwa ugonjwa. Cameron akaamua kuendelea. Akaenda Ujiji, akavuka Manyema hadi Nyangwe kwenye Mto Lualaba, akakutana na Tippu Tip, akapita nchi ya Waluba, na mwanzo wa Novemba 1875, akiwa anakaribia kufa kwa kiseyeye, akafika pwani ya Atlantiki katika Angola. Vitabu vinasema Cameron ndiye Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya tropiki kutoka mashariki hadi magharibi. Ni kweli, kama ukihesabu wazungu. Bombay alikuwa na miaka kama 55 alipoiona bahari ile ya pili. Mwaka 1863 alikuwa amekwisha kufika Misri kwa Nile. Yaani mtoto aliyetekwa Uyao alikuwa ametembea kutoka bahari hadi bahari, na kutoka kusini ya ikweta hadi Cairo. Wataalamu wamekadiria safari zake zote kuwa kilomita 9,600 hivi, sehemu kubwa kwa miguu.

Watu wa Cameron walirudishwa Unguja kwa meli. Mwaka 1876 Shirika la Kijiografia la London likamtengea Bombay pensheni ya maisha. Ilikuwa kidogo, lakini alikuwa mmoja wa Waafrika wachache sana wa wakati ule kulipwa pensheni na wazungu kwa kazi ya kusafiri. Akaishi hadi tarehe 12 Oktoba 1885. Mwaka huo huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekwisha kumaliza mkutano wao wa Berlin, na Carl Peters alikuwa amekwisha kupita Usagara hii hii akiwatia masultani mkono kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Njia ambazo Bombay aliwaonyesha wageni zilikuwa zimeanza kutumika kwa kazi nyingine.

Hapa ndipo penye ugumu, nami sitaki kuukwepa. Mwenzangu mmoja niliyemwonyesha makala haya kabla ya kuyapeleka kwa mhariri alinikaripia. Aliona namsifu mtu aliyewafungulia wakoloni mlango. Nimelifikiria jambo hilo siku kadhaa. Bombay hakuwa na nchi ya kuilinda. Nchi yake ilichukuliwa kwake kijijini, siku ile alipobadilishwa kwa nguo. Alifanya kazi aliyoijua, akalipwa kidogo, akapigwa, na watu wengi walirudi hai kwa sababu yake, Waafrika wengi zaidi kuliko wazungu. Na ramani zile hazikuwa zake. Yeye hakuchora hata moja. Mwenzangu hakuridhika, nami sikumlazimisha. Tutamalizia ubishi huo Magomeni.

Kule kaskazini wamefanya vizuri kuliko sisi katika jambo hili. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye Wachagga wanamtaja kuwa mmoja wa waongozaji wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, alitafutwa akiwa mzee sana wakati wa sherehe za miaka mia moja mwaka 1989, akaheshimiwa, akajengewa nyumba. Alifariki mwaka 1996. Wapo wanaobishana juu ya umri wake na juu ya nani hasa alimwongoza Meyer, lakini angalau jina linabishaniwa. Bombay hana hata ubishi hapa kwetu. Nilisoma jiografia ya shule yetu miaka minne. Nilijifunza majina ya wagunduzi wote watano niliowataja, na miaka yao, na nikafaulu. Jina la Bombay sikulisikia hata mara moja, na mlima alioupanda ulikuwa ukionekana dirishani.

Kamati ya mkutano ujao imepanga matembezi ya asubuhi ya Jumapili kufuata Mkondoa kuelekea Munisagara, kwa wale ambao magoti yanawaruhusu. Kwa kuwa njia hiyo ni ile ile, nimekubali kuwaongoza hadi mahali ambapo bonde linaanza kubana. Tutaondoka Magomeni saa kumi na mbili kamili, kabla jua halijawa kali. Kila mtu abebe maji yake mwenyewe.